Fundi Mzoefu na Umeme wa Jua: Yampasayo Mtumiaji Kujua Kabla ya Kukabidhi Kazi

Mwenye nyumba atakaye kufunga umeme wa jua aghalabu humwita fundi yule yule aliyemtandazia nyaya miaka iliyopita. Anamfahamu, anamwamini, na kazi yake ya kwanza haijamletea hitilafu. Uamuzi huo una busara, ila una pengo. Fundi aliyefanya kazi ya umeme wa gridi kwa miaka 20 anazo stadi nyingi ambazo mwanafunzi hana. Hata hivyo, zipo pia tabia za kazi alizozizoea katika miaka hiyo ambazo, zikihamishiwa kwenye mfumo wa jua bila mafunzo ya nyongeza, zaweza kuua betri mapema au kuwasha moto darini. Somo hili linaeleza tabia hizo, mafunzo yanayozirekebisha, na namna mtumiaji awezavyo kutambua kwamba fundi wake ameyapata.

Waya uleule, matokeo mengine

Tuanze na jambo linaloonekana dogo. Waya wa milimita za mraba 2.5 ni wa kawaida kwenye soketi za nyumba zetu, nao hutosha. Kifaa cha wati 120 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban nusu ampia tu. Kifaa cha wati hizohizo kwenye mfumo wa jua wa volti 12 huvuta ampia 10. Kiweke meta 10 kutoka kwenye betri kwa waya uleule: umeme utasafiri meta 20, kwenda na kurudi, na takriban volti moja na nusu itapotea njiani. Kwenye gridi, kifaa hicho kingepoteza chini ya sehemu ya kumi ya volti, wala hakuna ambaye angelijua. Kwenye volti 12, upotevu huo ni takriban asilimia 12. Taa hufifia, friji hukataa kuanza, na mteja huambiwa kwamba betri ni mbovu. Hununua nyingine. Waya unabaki ulivyokuwa.

Fundi huyo hakudanganya. Mkono wake umechukua waya ambao umekuwa sahihi maisha yake yote ya kazi.

Umeme usiozimwa kwa swichi kuu

Tofauti ya pili ni ya hatari zaidi. Umeme wa gridi ni mkondo geu, ambao mafundi huuita AC. Hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na swichi inapofunguka, cheche iliyozuka hupata nafasi ya kufa. Umeme wa paneli ni mkondo mnyoofu, yaani DC, nao haupiti kwenye sifuri hata mara moja. Cheche ikizuka kwenye kiungo kilicholegea au ndani ya swichi isiyotengenezwa kwa kazi hiyo, yaweza kuendelea kuwaka mfululizo hadi plastiki iyeyuke na mbao zishike moto. Ndiyo sababu sakiti breka ya kawaida ya nyumbani haifai kuwekwa upande wa paneli, hata kama ampia zilizoandikwa juu yake zinatosha. Lazima iwe imeandikwa na mtengenezaji kwamba ni ya DC, na kwa volti zinazohusika.

Volti hizo zaweza kuwa nyingi kuliko mtu anavyodhani. Paneli kubwa za siku hizi hutoa takriban volti 40 hadi 50 kila moja zikiwa hazijaunganishwa na kitu. Ukiunganisha 10 kwa mfuatano, nyaya zinazoshuka kutoka paani hubeba volti 400 hadi 500. Tena paneli hazina swichi: maadamu jua limewaka, zinatoa umeme. Fundi wa gridi amefundishwa, na amefundishwa vema, kwamba akizima swichi kuu nyumba nzima ni salama kuguswa. Juu ya paa lenye paneli saa sita mchana, kanuni hiyo haitoshi.

Mto na mtungi

Kwa nyumba iliyounganishwa na gridi, umeme ni kama mto: chota utakavyo, mradi ulipe. Umeme wa jua ni maji ya mtungi, nao hujazwa mara moja kwa siku. Kwa hiyo fundi aliyezoea kujumlisha wati peke yake hufika kwenye jibu lisilo sahihi.

Chukulia nyumba yenye taa 6 za wati 9, televisheni ya wati 60, na friji ndogo ya wati 100. Jumla ni wati 214. Fundi asiye na mafunzo ya jua atakuuzia paneli ya wati 250 na kusema kwamba hata imezidi. Sasa hesabu kwa saa. Taa zikiwaka saa 5, ni wati-saa 270. Televisheni saa 5, ni 300. Friji, ambayo hujiwasha na kujizima, ikifanya kazi jumla ya saa 8 katika usiku na mchana, ni 800. Jumla ni wati-saa 1,370, na ukiongeza kinachopotea kwenye betri, nyaya na inveta, utahitaji karibu 2,000 kwa siku. Mahali penye wastani wa saa 5 za jua kali, hizo ni paneli za wati 400. Wakati wa masika, hata hizo zitapwaya.

Jumla ya wati 214 haikuwa bure. Ndiyo inayosaidia kuchagua inveta. Hata hapo, friji huvuta wati mara kadhaa zaidi inapoanza kuzunguka, na inveta iliyonunuliwa kwa kipimo cha chini itajizima kila friji ikiamka.

Betri nayo ina masharti yake. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini. Ukiitumia usiku kucha hadi iishe, haitadumu. Betri za maji zilizotengenezwa kwa umeme wa jua hudumu zaidi zisipotumiwa kupita takriban nusu ya uwezo wake, na zinahitaji chumba kinachopitisha hewa kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa. Za lithiamu hustahimili matumizi makubwa zaidi, lakini kidhibiti chaji lazima kipangwe kwa aina hiyo hasa. Kumbadilishia mteja betri bila kugusa mpangilio wa kidhibiti ni kosa la dakika mbili linaloweza kugharimu mamia ya maelfu ya shilingi.

Liko pia jambo linalowahusu watu wasioijua nyumba yako. Inveta iliyounganishwa vibaya na nyaya za gridi yaweza kusukuma umeme kwenda nje wakati umeme umekatika, nao ukampata fundi aliyepanda nguzo akiamini kwamba laini imekufa. Kifaa kinachotenganisha pande hizo mbili si pambo la kupunguzwa kwenye bei.

Mafunzo yanayomfaa mwenye ujuzi

Fundi mzoefu hahitaji kurudi kwenye dawati la mwaka wa kwanza. Kuweka waya wa ardhi, kupima uhamishaji wa umeme, kuunganisha kwa unadhifu, kuheshimu hatari: hayo anayo, na ndiyo msingi. Anachohitaji ni nyongeza juu yake: hesabu ya matumizi ya siku, unene wa nyaya za DC na kinga zake, tabia za betri, uwekaji wa paneli na usalama wa kufanya kazi paani. Kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli chaweza kushusha uzalishaji wa safu nzima, na jambo hilo halimo katika mtaala wa kutandaza nyaya za nyumba. Mafunzo yasiyo na vitendo, yanayoishia kwenye picha ukutani na cheti, hayamsaidii fundi wala wewe.

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, hutoa kozi fupi za umeme wa jua katika baadhi ya vyuo vyake. VETA pia ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, kwa hiyo asiyepita chuoni hana sababu ya kukosa cheti ikiwa kazi anaijua. Leseni za ufungaji wa umeme hutolewa na EWURA kwa madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Jirani zetu wa Kenya walikwenda hatua moja mbele: kanuni zao za mwaka 2012 ziliweka leseni maalumu za mafundi wa umeme wa jua, T1, T2 na T3, kuanzia mifumo midogo hadi ile mikubwa inayounganishwa na gridi. Kwa maoni yetu huo ni utenganisho wa haki, kwani humwonyesha mteja kwa jicho moja fundi anaruhusiwa kufika wapi.

Kuuliza bila kuvunja heshima

Wengi hushindwa kuuliza kwa sababu fundi ni mtu mzima, pengine rika la baba. Haya hiyo inaeleweka. Lakini swali likiulizwa kama ombi la kufundishwa, halimdhalilishi mtu. "Mzee, naomba unifafanulie, umepataje idadi hii ya paneli?" Fundi aliyesoma atachukua karatasi na kukuuliza kwanza friji yako ni ya aina gani na mnalala saa ngapi. Asiyesoma atataja idadi aliyoifunga kwa jirani. Mwombe pia akuonyeshe maandishi ya DC kwenye breka kabla haijafungwa, na akueleze waya wa kutoka kwenye betri ni wa milimita ngapi na kwa nini. Kisha omba kuona leseni na cheti cha mafunzo ya jua, kama vile uombavyo risiti dukani.

Akikiri kwamba hajasomea, usimfukuze. Mwache afanye upande wa soketi na taa, ambao anaujua kuliko wengi, na umtafute mwenzake aliyesomea kwa ajili ya paneli, betri na inveta. Mafundi wengi hufanya kazi kwa kushirikiana hivyo, na aghalabu ndivyo mkubwa anavyojifunza kwa mdogo.

Andikianeni makubaliano: aina na ukubwa wa kila kifaa, matumizi ya siku mliyoyakadiria, muda wa dhamana, na nani atakayerudi kukitokea hitilafu. Tunza risiti pamoja na mchoro wa mfumo. Siku ya makabidhiano, mwombe fundi auzime mfumo wote mbele yako kwa mpangilio ulio sahihi, halafu uuzime na kuuwasha wewe mwenyewe, yeye akiwa bado amesimama hapo.