Somo la Mwezi: Tupunguze Matumizi ya Nyumbani, Lakini Tuanzie Wapi?



Tunapowatembelea hapa Kyumbi na vijiji vya karibu, neno ninalolisikia kila mkutano ni moja tu: bei. Bei ya unga, bei ya sukari, bei ya mafuta, nauli ya kwenda Machakos mjini. Halafu mama mmoja husimama akasema, "Sisi tumeshapunguza kila kitu, sasa tupunguze nini tena?" Somo hili ni la kujaribu kujibu swali hilo. Mmoja wenu alisome kwa sauti, kisha mlizungumzie polepole. Si lazima mlimalize siku moja.

Hali ngumu hatukuanza kuiona jana. Mwaka 1993 mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na mwaka huo bei za vitu katika Kenya zilipanda kwa karibu asilimia 46. Nakumbuka mama yetu alianza kutupikia chai ya rangi, nasi hatukuuliza kwa nini. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, hata serikali ikaingilia kwa muda mwezi wa saba ili iuzwe 100. Mwaka 2023 mafuta ya taa nayo yalipita shilingi 200 kwa lita. Bei hizi hatuzipangi sisi. Lakini namna shilingi inavyotoka mkononi mwetu, hiyo tunaweza kuipanga kidogo.

ANZA KWA KUANDIKA

Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Kwa wiki mbili andika kila kitu kilichonunuliwa nyumbani, hata kiberiti, hata salio la simu la shilingi kumi. Baba aandike zake na mama zake. Msigombane wakati wa kuandika. Ugomvi, kama lazima uwepo, ungoje siku ya kujumlisha.

Tulifanya zoezi hili na kikundi kimoja. Mama mmoja alikuwa amemkatia mtoto wake wa miaka miwili kikombe cha maziwa, kwa sababu aliona hiyo ndiyo gharama peke yake anayoweza kukata. Tulipojumlisha daftari lake tukaona kwamba mafuta ya kupima, sukari ya kufungiwa kwenye karatasi na makaa ya mkebe vilikuwa vinamla zaidi ya mara tatu ya yale maziwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikata mahali pabaya."

Nimeliona jambo hili mara nyingi. Nyumba ikibanwa, wa kwanza kupunguziwa ni yule asiyeweza kulalamika. Kwa hiyo kabla hamjakata chochote, kubalianeni kwamba uji wa mtoto mdogo, chakula cha mama mjamzito na dawa za mgonjwa havitaguswa. Mengine yote yawekwe mezani.

KWA NINI MASKINI HULIPA ZAIDI

Watu wawili waigize mchezo huu mfupi mbele ya kikundi.

MAMA: Nipimie mafuta ya ishirini.
MWENYE DUKA: Jana ulichukua ya ishirini, na juzi vilevile. Kwa nini usichukue chupa nzima, mwaitu?
MAMA: Chupa nitaitoa wapi? Mzee amepata kibarua leo, nimepewa mia moja na hamsini. Hiyo ni unga, sukuma wiki, sukari na haya mafuta.
MWENYE DUKA: Basi tuonane kesho.
MAMA: Kesho Mungu akipenda.

Sasa tufanye hesabu. Hizi ni bei za mfano, ninyi wekeni za dukani kwenu. Tuseme lita moja ya mafuta ya kupikia ni shilingi 300, na kipimo cha shilingi 20 kinatoa mililita 50. Lita moja ina vipimo 20 vya namna hiyo. Kwa hiyo mama huyu akimaliza lita moja amelipa shilingi 400. Kila siku 20 anaacha shilingi 100 dukani bila kupata kitu, na kwa mwaka ni kama shilingi 1,800. Hapo ni mafuta tu. Ongeza sukari, sabuni, majani ya chai na makaa.

Tafadhali tusimlaumu mama huyu. Wako wataalamu wanaokuja na gari kumwambia anunue kwa jumla, kama kwamba hajui. Anajua sana. Pesa zake zinakuja kwa siku, kwa hiyo ananunua kwa siku. Na mwenye duka pia si mwizi: anafungua mapema, anafunga usiku, na wengine wanamkopa wasimlipe. Shida ni kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kuruka kutoka kipimo hadi mtungi. Watu kumi na tano wanaweza.

Fanyeni hivi. Wanakikundi 15 kila mmoja atoe shilingi 100 kwa wiki. Baada ya wiki nne mna shilingi 6,000. Kwa bei yetu ya mfano hizo zinatosha mtungi wa lita 20 wa mafuta, na bei ya jumla kwa kawaida huwa chini ya hiyo. Kila mmoja apimiwe kadiri ya mahitaji yake, na arudishe pesa kidogo kidogo kama alivyozoea kulipa dukani, lakini kwa bei ya jumla, pamoja na shilingi chache za nauli. Pesa zikirudi zote, mnanunua tena bila kuchanga upya. Anayetunza bidhaa asiwe mweka hazina. Pimeni kwa mizani au chupa yenye alama, si kwa macho. Na asiyerudisha za mtungi wa kwanza asipewe wa pili, hata kama ni shemeji ya mwenyekiti. Wazee wetu walijenga matuta ya mashamba ya Ukambani kwa mwethya, leo kwangu kesho kwako. Ununuzi huu ni mwethya uleule, tofauti ni kwamba hapa jembe ni pesa.

TAHADHARI JUU YA MAHINDI

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Mwaka mmoja nilikihimiza kikundi kinunue mahindi ya bei nafuu kutoka kwa lori lililosimama njia panda, pale barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa. Tulifurahia bei. Hatukukagua ila gunia la juu. Baada ya wiki tatu magunia ya chini yalikuwa na joto na harufu, na punje zimeota kuvu. Tuliyatupa. Kina mama walichangia kwa jasho, na sura zao siku ile sijazisahau. Walakini ningekuwa na huzuni kubwa zaidi kama tungeyala.

Wenye umri wanakumbuka. Mwaka 1981 hapa Machakos watu 12 walikufa kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 ikarudi katika Makueni, Kitui, Machakos na kwingineko: watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa yamewekwa kabla ya kukauka vizuri. Sumu hii haiishi kwa kupika, na haiishi kwa kuosha. Mahindi yenye kuvu msiyale, msiyauze na msiwape kuku.

Kuna njia ya kupima unyevu isiyo na gharama. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia chumvi kavu kidogo, jaza mahindi hadi robo ya chupa, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi kuhifadhiwa. Ikibaki chini, yamekauka vya kutosha. Pimeni kila gunia, si la juu tu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wetu tunanunua chakula tulichouza sisi wenyewe. Mvua za vuli zikivunwa, mwezi wa kwanza na wa pili, wachuuzi wanakuja nyumbani kuchukua ndengu, mbaazi na mahindi kwa bei ya chini kwa sababu karo inadaiwa. Mwezi wa sita tunarudi sokoni na gorogoro kununua kwa bei ya juu. Kama kikundi kina akiba, mkopesheni mwanachama karo ile ili gunia lake libaki nyumbani, na alipe atakapouza baadaye. Nadhani mkopo huu ni bora kuliko mikopo mingi ninayoiona vitabuni mwenu.

MOTO, MAJI NA SIMU

Makaa ya mkebe yana ugonjwa uleule wa mafuta ya kupima, kwa hiyo sitarudia. Ila jiko lenyewe lina maana. Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na ambalo wazo lake lilitokana na majiko ya Thailand, hupunguza makaa kwa karibu theluthi moja au zaidi kuliko lile la bati tupu. Maharagwe na mahindi ya isyo yalazwe majini usiku mzima, na maji hayo yamwagwe. Yakishachemka kwa nguvu nusu saa, funika sufuria vizuri, iweke ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu na blanketi, uende shambani. Yataendelea kuiva bila moto. Ukirudi, yachemshe tena kabla ya kula. Muthokoi nao huiva upesi kuliko mahindi yenye maganda. Vijana wanauona ni chakula cha zamani, lakini daftari litawapa jibu.

Maji: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 5 ikipata mvua ya milimita 20 inashusha lita 600. Hata robo ikimwagika, mnabaki na mitungi 22 ya lita 20. Zidisha kwa bei ya mtungi mnayolipa kiangazi, ndipo mwamue kama mfereji wa bati ni ghali. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe paa, na ya kunywa yachemshwe.

Simu: ada ya kutoa shilingi 200 kwa wakala mara nyingi ni ileile ya kutoa 2,000. Someni karatasi iliyobandikwa ukutani. Na mkopo wa simu unaotozwa kila siku msiutumie kununua unga.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

Gaweni kikundi katika makundi madogo ya watu watano, wanaume na wanawake wakae mbalimbali kwanza, kisha mkutane.

1. Tulipokosa pesa mara ya mwisho, nani nyumbani alipunguziwa kwanza? Nani aliamua?
2. Ni vitu gani vitatu tunavyonunua kila siku kwa vipimo vidogo? Kwa bei za hapa kwetu, tunapoteza kiasi gani kwa mwezi?
3. Kati ya hivyo vitatu, ni kimoja kipi tunaweza kuanza kununua pamoja mwezi ujao? Nani ataenda kuulizia bei, na atatuletea jibu siku gani?