Mnada wa Vifaa vya Elektroniki: Namna ya Kukadiria Dau

Ichukuliwe shule ya sekondari ambayo maabara yake ya fizikia haina osiloskopu hata moja. Wanafunzi wake husoma habari za mawimbi ya umeme kwa kutazama picha ya kitabuni, na siku ya mtihani huchora kitu ambacho hawajapata kukiona kikitembea. Kisha linatokea tangazo la mnada wa vifaa vilivyoondolewa kazini. Fungu namba 14 ni osiloskopu moja ya njia mbili, yenye uwezo wa megahezi 100, pamoja na boksi la bodi za saketi zisizojulikana zilikotoka. Mwalimu wa fizikia ana shilingi 400,000 zilizochangwa na wazazi, wala hazitachangwa tena mwaka huo. Dalali atakapoanza kunadi, mwalimu apandishe dau mpaka wapi?

Wengi hulijibu swali hili kwa ujasiri au kwa woga. Mwenye moyo hupanda mpaka wengine wanyamaze, na mwenye hofu hurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini swali lenyewe ni la hesabu, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo haivuki kiwango cha kidato cha nne. Lililo muhimu ni kwamba dau lipatikane kabla ya siku ya mnada, liandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo isibadilishwe uwanjani.

Thamani hutokana na matumizi

Kosa la kwanza ni kukadiria thamani kwa bei ambayo kifaa kiliuzwa kilipokuwa kipya. Osiloskopu ya Tektronix 465, mathalani, ilitolewa mwaka 1972, na kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha kutegemewa katika maabara na karakana nyingi duniani. Thamani yake leo haitokani na bei ya 1972. Inatokana na gharama ya kupata chombo kingine kitakachofanya kazi ile ile. Ikiwa muuzaji wa mjini anatoa osiloskopu iliyotumika, iliyopimwa na yenye dhamana, kwa shilingi 600,000, basi hiyo ndiyo dari. Hakuna sababu ya kulipa zaidi ya hapo kwa chombo kisicho na dhamana, hata kama kinapendeza namna gani.

Matangazo ya minada kwa kawaida husema kwamba mali huuzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Maneno hayo mafupi yana uzito mkubwa, kwani humtwika mnunuzi gharama zote zinazofuata: usafiri, matengenezo, vipuri, na hasara endapo kifaa hakitengenezeki. Historia ya Tanganyika ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ulitegemea kwa sehemu matrekta na mashine za masazo ya Vita Kuu ya Pili, zikiwamo zilizoletwa kutoka Ufilipino. Mashine zilipatikana, lakini vipuri na mafundi havikutosha, na nyingi zilisimama mapema. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951. Ardhi na mvua vilichangia sana kuuangusha, lakini mashine hizo zilionyesha kwamba bei ya kununulia ni sehemu moja tu ya gharama.

Siku ya ukaguzi

Kabla ya mnada wanunuzi huruhusiwa kuviona vifaa. Siku hiyo ina faida kuliko siku ya mnada yenyewe, maana kila jambo linalogunduliwa hubadili hesabu. Mkaguzi aende na tochi, multimita, daftari na pua yake.

Aanze na skrubu. Zilizopotea au zilizokwaruzwa huonyesha kwamba mtu amekwisha kukifungua kifaa, na huenda ametoa bodi ya ndani kwa ajili ya kifaa kingine. Kitasa kilichovunjika si hoja kubwa, kwa kuwa hubadilishwa kwa gharama ndogo. Neli ya miali kathodi, yaani ile chupa ya kioo ambayo mstari wa wimbi huonekana kwenye uso wake, ni habari nyingine kabisa. Ikiwa imepasuka, au fosfori yake imeungua na kuacha alama nyeusi ya kudumu, ni shida kupata nyingine. Hali ni hiyo hiyo kwa saketi unganifu zilizotengenezwa na kiwanda kwa ajili ya modeli moja tu. Transista ya kawaida hupatikana dukani, lakini saketi ya namna hiyo hupatikana tu kwa kuua osiloskopu nyingine.

Kapasita za elektroliti huzeeka hata kifaa kikiwa kimelala bohari, kwa sababu majimaji yaliyomo hukauka au kuvuja. Kama mianya ya hewa inaruhusu kuchungulia, mkaguzi atafute kapasita zilizovimba kichwani, na anuse kama kuna harufu ya kitu kilichoungua. Kisha, bila kuunganisha kifaa na umeme, apime ukinzani kati ya ncha mbili za plagi huku swichi ikiwa imewashwa. Katika kifaa chenye transfoma ya kawaida, ukinzani wa omu chache au makumi machache huashiria kwamba fyuzi na waya wa msingi wa transfoma ni vizima. Mita isipoonyesha njia yoyote, huenda fyuzi imekatika, na fyuzi haikatiki bila sababu. Kipimo hiki hakisemi mengi kwa kifaa ambacho umeme wake hutoka kwenye saketi ya swichi badala ya transfoma kubwa.

Aangalie pia kichagua-volti cha nyuma. Vifaa vilivyotumika Marekani mara nyingi huwa vimewekwa kwenye volti 115. Kikichomekwa hivyo hivyo kwenye umeme wa volti 230, kifaa kizima kinaweza kuharibika katika sekunde chache, na mwenye kosa atakuwa mnunuzi.

Hapana budi kutoa onyo. Mwanafunzi asifungue kifaa chenye neli ya miali kathodi, hata kama hakijachomekwa. Neli hiyo hutumia maelfu ya volti, na chaji inaweza kubaki ndani baada ya swichi kuzimwa. Aidha, mafungu yenye transfoma au kapasita kubwa za zamani zilizojazwa mafuta yaepukwe. Baadhi ya mafuta hayo yana bifenili zenye klorini, kemikali za sumu zilizowekewa masharti na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Fungu la namna hiyo linaweza kuwa na thamani iliyo chini ya sifuri, yaani mwenye kulipata atalipa ili kuliondoa.

Kupima uwezekano

Baada ya ukaguzi, mwalimu agawanye hali ya osiloskopu katika makundi matatu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Uwezekano kwamba inahitaji kusafishwa tu ni 0.3, na hapo thamani yake ni shilingi 600,000. Uwezekano kwamba inatengenezeka kwa shilingi 200,000 ni 0.4, na thamani yake ni 400,000. Uwezekano kwamba haitengenezeki ni 0.3, nayo itabaki na vipuri vya shilingi 60,000. Boksi la bodi lihesabiwe sifuri. Maboksi ya namna hii yamewafurahisha wengi siku ya kwanza na kujaza makabati kwa miaka kumi.

Thamani tarajiwa ni jumla ya kila thamani ikizidishwa kwa uwezekano wake:

0.3 × 600,000 + 0.4 × 400,000 + 0.3 × 60,000 = 358,000.

Kutoka hapo hutolewa usafiri, shilingi 40,000, na nyaya za kupimia, shilingi 30,000. Zinabaki 288,000. Ikiwa ada ya dalali ni asilimia 10 juu ya dau, basi dau likiitwa D, 1.1D = 288,000, na D ni takriban 261,800. Zingatia jinsi tarakimu ilivyoshuka: dari ilikuwa 600,000, na sasa dau halifiki hata nusu yake.

Laana ya mshindi

Mwalimu akiishia hapo, bado atalipa kupita kiasi. Sababu yake iliandikwa mwaka 1971 na wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell. Waliona kwamba makampuni yaliyoshinda zabuni za kuchimba mafuta katika Ghuba ya Mexico yalipata faida ndogo kuliko yalivyotazamia, ingawa wataalamu wao walikuwa hodari. Maelezo yao ni haya: kila kampuni hukadiria thamani ya eneo, na makadirio hutofautiana, mengine yakiwa juu ya thamani halisi na mengine chini. Mshindi hachaguliwi kwa bahati nasibu. Huwa ni yule aliyekadiria juu kuliko wote. Kwa hiyo kushinda kwenyewe ni dalili kwamba huenda mshindi amekosea. Jambo hili huitwa laana ya mshindi.

Ukubwa wa kosa hilo unaweza kukokotolewa. Tuseme thamani halisi ni V, na makadirio ya wanunuzi yametawanyika sawasawa kati ya V − a na V + a. Makadirio ya watu n, kwa wastani, huugawa upana huo wa 2a katika sehemu n + 1 zilizo sawa. Basi kadirio la juu kabisa huangukia V + a − 2a/(n + 1). Wakiwa wawili, mshindi huzidisha kwa theluthi ya a. Wakiwa wanne huzidisha kwa 0.6a, na wakiwa tisa kwa 0.8a. Kadiri umati unavyoongezeka, ndivyo dau linavyopaswa kushuka, na hapo ndipo hisia za binadamu zinapokwenda kinyume na hesabu.

Katika mfano wa shule, a ikiwa 100,000 na wanunuzi wanne, mwalimu atoe 60,000 kutoka 288,000. Zinabaki 228,000, na dau linakuwa takriban 207,000. Aandike 205,000 kwenye karatasi yake.

Ni kweli kwamba katika mnada wa wazi mshindi halipi kadirio lake lote, bali hulipa kidogo juu ya pale aliposhindwa wa pili. Lakini kwa hesabu ile ile, kadirio la wa pili liko V + a − 4a/(n + 1), na watu wakiwa wanne bado limezidi kwa 0.2a. Hata hivyo mnada wa wazi una faida moja: mnunuzi huona wengine wakiacha. Mafundi wanaojulikana kwa kutengeneza osiloskopu wakinyamaza mapema, hiyo ni habari, nayo ishushe dau.

Mnada wa nyundo na zabuni ya bahasha

William Vickrey wa Chuo Kikuu cha Columbia alionyesha mwaka 1961 kwamba aina ya mnada hubadili mwenendo wa mnunuzi mwenye busara. Pale ambapo kila mtu anajua thamani ya kitu kwake mwenyewe, na mshindi hulipa dau la wa pili, hakuna faida ya kuficha thamani hiyo. Katika mnada wa nyundo, vivyo hivyo, mnunuzi abaki hadi bei ifike thamani yake, kisha aache. Katika zabuni ya bahasha ambamo mshindi hulipa alichoandika, kuandika thamani yote ni kujinyima faida. Thamani za wanunuzi n zikiwa zimetawanyika sawasawa kuanzia sifuri, dau linalofaa ni (n − 1)/n ya thamani ya mtu. Wanne wakishindana, ni robo tatu. Vickrey alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1996, akafariki siku tatu baada ya kutangazwa. Mwaka 2020 tuzo hiyo walipewa Paul Milgrom na Robert Wilson, waliochunguza minada ambamo thamani ya mtu binafsi na thamani ya pamoja zimechanganyika, kama ilivyo katika fungu namba 14.

Liko jambo ambalo wastani hausemi. Mfanyabiashara anayenunua mafungu mia hupata wastani, kwa maana hasara ya moja hufidiwa na faida ya jingine. Shule hununua mara moja. Kwa dau la 205,000 itatumia jumla ya shilingi 295,500, na iko nafasi tatu katika kumi kwamba itabaki na vipuri vya 60,000. Hilo wazazi waelezwe mapema. Vilevile katika minada mingi ya mali za serikali nchini Tanzania mshindi hulipa papo hapo amana ya asilimia 25, na asipokamilisha malipo katika siku 14 amana hairudishwi. Anayeongeza dau kupita fedha alizo nazo hujitia katika hatari hiyo.

Zoezi la darasani

Mwaka 1983 Max Bazerman na William Samuelson walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa biashara mjini Boston. Mitungi yenye vitu vya jumla ya dola 8 ilinadiwa. Wastani wa makadirio ulikuwa dola 5.13, yaani chini ya thamani halisi, lakini wastani wa dau lililoshinda ulikuwa dola 10.01.

Mwalimu aweza kulirudia kwa chupa ya punje za mahindi, kila punje ikihesabiwa shilingi 10 za kuandika tu. Kila mwanafunzi aandike kadirio na dau bila kushauriana. Vikaratasi vichaguliwe bila mpango, kwanza vitatu vitatu, kisha kumi kumi, halafu vya darasa zima, na wastani wa dau la juu uchorwe kwenye grafu dhidi ya idadi ya washindani. Punje zihesabiwe mwisho, mbele ya wote.

Swali la nyongeza: siku ya ukaguzi mwenye bohari anaiwasha osiloskopu mbele ya wanunuzi wote, na mstari unaonekana. Uwezekano wa hali zile tatu unakuwa 0.6, 0.3 na 0.1. Kokotoa dau jipya kabla ya kutoa laana ya mshindi. Je, a itabaki 100,000, na kwa nini? Mwalimu mwenye shilingi 400,000 anaweza kulifikia dau hilo?