Binti, Ukitaka Kuishi kwa Baiskeli ya Velodromu

Kabla hujatafuta baiskeli, jipime miguu. Ruka juu ukiwa umesimama, kimbia mita 30, kisha pambana na wenzako kwenye kilima kifupi kwa baiskeli yoyote ile. Ukiwaacha mbali mwanzoni halafu wakakufikia baadaye, wewe ni wa kasi, na mbio zako ni za wawili wawili, keirini (mbio zinazoanza nyuma ya pikipiki) na kasi ya timu. Ukichelewa kuchanganya lakini bado unapumua vizuri wenzako wakiwa hoi, wewe ni wa masafa: mbio za kufukuzana za timu, omniamu (mbio kadhaa tofauti zinazojumlishwa pointi) na medisoni (mbio za wawili wanaopokezana). Lijue hilo mapema, maana ndilo litakaloamua unakula nini, unafanya mazoezi gani na unamtafuta kocha yupi.

Wala usidhani umechelewa kwa sababu hukukulia kwenye baiskeli. Kelsey Mitchell wa Kanada alikuwa mchezaji wa soka wa Chuo Kikuu cha Alberta. Mwaka 2017 alikwenda kwenye majaribio ya kusaka vipaji, nguvu za miguu yake zikapimwa, akaelekezwa kwenye velodromu, yaani uwanja wa mbio za baiskeli. Mwaka 2019, mjini Cochabamba, Bolivia, alivunja rekodi ya dunia ya mita 200 za kasi kwa sekunde 10.154. Mwaka 2021 alivaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo.

Wa kasi anajengwa kwenye gym kwanza. Atachuchumaa na chuma kizito mabegani wiki baada ya wiki, atapumzika sana, na mapaja yake yatanenepa. Kwenye hili naomba mama na shangazi wa nyumbani wanisikie: msimkatishe tamaa kwa maneno juu ya umbile lake. Mapaja hayo ndiyo mtaji wake. Wa masafa yeye atakula barabara kwa saa nyingi, na barabara hata sisi tunazo.

Siku ya kwanza uwanjani ndiyo inayotisha. Velodromu ya mashindano makubwa ina mzunguko wa mita 250, na kona zake zimeinuka kwa zaidi ya nyuzi 40. Baiskeli yake haina breki wala friwili, na gia ni moja tu. Pedali hazisimami maadamu gurudumu linazunguka. Ukijisahau ukaacha kukanyaga ghafla, miguu inasukumwa na unaweza kurushwa. Ukitaka kupunguza mwendo, zizuie pedali taratibu kwa miguu, au panda juu kwenye mwinuko. Ukitaka kasi, shuka. Kwenye kona usilegee: mwendo ukishuka sana chini ya kilomita 30 kwa saa, tairi huanza kuteleza.

Kisha jifunze mistari. Ule mweusi wa chini ndio unaopimia urefu wa uwanja. Juu yake kidogo kuna mwekundu, na njia iliyo kati ya mistari hiyo, wakati wa kukimbiza mwisho, ni ya aliyetangulia kuishika. Anayetaka kumpita apite nje, upande wa kulia. Kwa hiyo kabla hujapanda juu, geuza shingo utazame nyuma ya bega la kulia, kila mara, hata kama una hakika hakuna mtu. Wanaoishi London, Manchester, Glasgow au Milton kule Kanada wana bahati: velodromu za huko huwafundisha wanaoanza na huwakodisha baiskeli.

Ufundi unaofuata ni kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako, karibu kabisa, yeye akate upepo wewe utunze nguvu. Kwenye keirini pikipiki huwaongoza waendeshaji mizunguko mitatu, ikipandisha mwendo hadi kilomita 50 kwa saa, kisha hutoka na kuwaachia mizunguko mitatu ya mwisho. Aliyepoteza gurudumu la mwenzake wa mbele kabla ya hapo mara nyingi hatarudi.

Kuhusu pesa, nakuambia wazi: medali peke yake haikulishi. Kristina Vogel, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa dunia mara 11, alikuwa mwajiriwa wa polisi ya shirikisho, kama wanariadha wetu wanavyoajiriwa na polisi, jeshi au magereza. Japani wanawake wana keirini yao ya kulipwa tangu 2012, na humo ndimo alimotoka Mina Sato, bingwa wa dunia wa keirini wa 2024. Na ukitaka mtoto, usikubali kuambiwa basi tena: Laura Kenny wa Uingereza alijifungua 2017, akashinda dhahabu ya medisoni kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021.

Ajali zipo. Anna Meares wa Australia alivunjika mfupa wa shingo Januari 2008, na mwaka huohuo akachukua fedha ya Olimpiki mjini Beijing. Vogel hakujaliwa hivyo. Juni 2018 aligongana na mwenzake mazoezini mjini Cottbus, na tangu hapo hatembei. Baadaye alichaguliwa kuwa diwani mjini Erfurt. Kwa hiyo kata bima kabla ya kukata tiketi ya ndege, usizunguke uwanjani bila kocha anayejua nani yuko wapi, na usiache shule.

Kwa binti wa Afrika vifaa ndivyo vinavyokwamisha. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, Ese Lovina Ukpeseraye wa Nigeria alipata nafasi ya velodromu dakika za mwisho, hakuwa na baiskeli ya uwanjani, akashindana kwa ya kuazima kutoka kwa Wajerumani. Njia iliyonyooka zaidi hupitia kituo cha shirikisho la baiskeli la dunia kilichoko Aigle, Uswisi, chenye velodromu ya mita 200 na makocha wanaopokea vijana kutoka nchi zisizo na viwanja. Maombi hupitia chama cha nchi yako. Andika barua, ambatanisha umri, urefu, uzito, kimo unachoruka, muda wako wa mita 30 na matokeo yako ya barabarani. Nanyi viongozi wa vyama, zijibuni barua hizo.