Kiwango cha Jana, Hasara ya Leo: Unganisha Hesabu Zako na Bei ya Shilingi

Kama unafanya biashara Busia au Malaba, unaishi na shilingi mbili. Unanunua kwa ya Uganda, unauza kwa ya Kenya. Wengi wetu huandika kiwango cha kubadilisha pesa mara moja kwenye jedwali la hesabu, kisha tunakisahau hapo. Shida ni kwamba pesa haitusubiri.

Tuchukue mfano. Unanunua trei 100 za mayai upande wa Uganda, kila trei UGX 10,000, na unauza trei moja KES 380 upande huu. Jedwali lako bado linasema KES 1 ni UGX 29, kwa hivyo linakuonyesha faida ya KES 3,517. Lakini leo umepewa UGX 27 tu kwa kila shilingi. Faida yako halisi ni KES 963, na hapo hujalipa boda boda. Mayai ni yale yale, bei ni zile zile. Kilichokuponza ni namba moja ya zamani.

Suluhisho ni kuunganisha jedwali na chanzo cha nje kinachojisasisha. Google Sheets inafanya hivyo bila malipo, hata kwenye simu, bora uwe na bando.

Hatua ya 1: Leta kiwango cha soko. Kwenye kisanduku B1 andika:

=GOOGLEFINANCE("CURRENCY:KESUGX")

Utaona KES 1 ni sawa na UGX ngapi. Namba hii inaweza kuchelewa kidogo, na si ahadi kwamba kuna mtu atakupa kiwango hicho.

Hatua ya 2: Andika kiwango ulichopewa kweli. Kwenye B2, weka kiwango cha muamala wako wa simu au cha mbadilishaji pesa wa pale mpakani. Kisha kwenye B3 andika:

=(B1-B2)/B1

Geuza B3 iwe asilimia. Hiyo ndiyo gharama ya kubadilisha pesa, ambayo watu wengi hawaioni kwa sababu haiandikwi kama ada. Ukiwa na watu wawili wa kubadilishia, linganisha asilimia zao kabla hujatoa pesa, na usisahau kuongeza ada ya kutuma.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bidhaa. Weka bei ya trei kwa UGX kwenye B4, na kwenye B5 andika:

=B4/B2

Sasa unajua trei moja imekugharimu KES ngapi. Umeona tumetumia B2, si B1? B1 ni ya kulinganisha tu. Faida hupimwa kwa pesa iliyotoka mfukoni mwako.

Hatua ya 4: Usiunganishe rekodi za zamani. Hapa ndipo wengi huteleza. Ukitumia B1 kwenye manunuzi ya mwezi uliopita, faida ya mwezi huo itabadilika kila unapofungua jedwali! Kwa kila ununuzi, andika kwa mkono tarehe, kiwango cha siku hiyo na namba ya muamala iliyo kwenye SMS. Namba hiyo haijirudii, kwa hivyo utaweza kulinganisha na stetimenti yako na kugundua kama umeandika kitu mara mbili.

Jilinde pia. Jedwali hili halihitaji PIN yako kabisa. Programu yoyote inayokuomba PIN ili "ikuunganishie" akaunti, achana nayo. Na kwa kuwa rekodi zako zinaweza kuwa na majina na namba za wateja, usiache jedwali wazi kwa kila mwenye linki.

Usianze na stoki yote. Chagua bidhaa moja, ifuatilie wiki moja, na uangalie B3 kila unapobadilisha pesa. Siku ambayo asilimia hiyo inakaribia kumeza faida yako, utajua mapema: panga bei upya au subiri kidogo kabla ya kuvuka.