Jani la mkonge limenikwaruza jicho: nibadilishe matone?

SWALI: Daktari, mimi hukata mkonge huku Mwatate. Wiki iliyopita ncha ya jani ilinikwaruza jicho. Nilinunua matone dukani na siku ya pili wekundu ukapungua, ila sasa naona ukungu na mwanga unaniumiza. Nijaribu matone gani mengine?

JIBU: Ndugu msomaji, usijaribu mengine. Nenda leo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi pale Voi, uulizie kliniki ya macho, na ubebe ile chupa, kwa sababu daktari atataka kujua kama ina steroidi. Dawa za aina hiyo huondoa wekundu na maumivu kwa kuififisha kinga ya mwili, kinga ileile inayopambana na vijidudu. Kama jani lilikuachia kuvu, jicho litaonekana limepoa huku kidonda kikizidi kuchimba. Ndiyo maana wekundu uliopungua siku ya pili hauthibitishi kwamba dawa ilikufaa.

Nataja kuvu kwa sababu ya jani. Konea, yaani utando mwangavu ulio mbele ya jicho, una unene wa takriban nusu milimita tu na hauna mishipa ya damu. Ukikwaruzwa na mmea, vijidudu vilivyokuwa juu ya mmea hupata mlango. Huko Mbarara, Uganda, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 313 wenye maambukizi ya konea, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020: kati ya waliopimwa vijidudu maabara, asilimia 62 walikuwa na kuvu. Dawa ya kawaida ya bakteria haiui kuvu. Nusu ya wagonjwa wote 313 walifika hospitalini siku 17 au zaidi baada ya ugonjwa kuanza, na asilimia 60 walikuwa wameshatia dawa za kienyeji. Miezi mitatu baadaye, asilimia 30 walikuwa hawaoni kwa jicho lililougua. Takwimu hizi zinanihuzunisha, maana kuchelewa ni jambo tunaloweza kulizuia.

Tatizo ni kwamba kidonda cha kuvu na cha bakteria hufanana, hata mtaalamu akikiangalia kwa macho matupu. Konea ni lenzi, na takriban theluthi mbili za nguvu ya jicho ya kukusanya mwanga zinatoka kwenye uso wake, kwa hiyo mwanga ndio unaofaa kuupima. Daktari hutia rangi ya fluoresini, akamulika taa ya buluu, na pale ngozi ya konea ilipobanduka pakang'aa kijani. Kisha hutumia darubini yenye mwale mwembamba, kifaa kilichobuniwa na Allvar Gullstrand wa Uswidi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1911 kwa kazi yake juu ya mwanga ndani ya jicho. Kwa mwale huo kidonda hupimwa upana kwa milimita na kina chake hukadiriwa, vikaandikwa, na vipimo vikarudiwa siku chache baadaye. Hapo ndipo hujulikana kama dawa inafanya kazi. Pia hukwangua ukingo wa kidonda kidogo na kutafuta nyuzi za kuvu chini ya hadubini. Kubadilisha matone bila vipimo hivi ni kubahatisha.

Najua utaniambia Voi ni nauli na siku moja ya kibarua, na duka la dawa liko mlangoni. Hoja hiyo ina uzito, na utafiti wa Bhaktapur, Nepal, uliochapishwa mwaka 2001, unaiunga mkono kwa kiasi. Huko wahudumu wa afya wa kijijini waliwapaka mafuta ya kloramfenikoli watu 442 waliokwaruzwa konea. Kati ya 284 walioanza dawa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Kwa hiyo mkwaruzo wa leo unaweza kuanza kutibiwa katika zahanati ya karibu. Lakini mafuta hayo hayakuwa na steroidi, na wako si mkwaruzo wa leo. Wiki imepita na ukungu umeshaingia.

Ikithibitika ni kuvu, dawa inayotangulia ni matone ya natamaisini, yaliyofanya vizuri kuliko vorikonazoli katika majaribio ya India yaliyochapishwa mwaka 2013, na tangu 2017 yamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwanzoni hutiwa kila saa, na tiba huchukua wiki kadhaa. Usiikatize maumivu yakiisha, kwa kuwa kovu likibaki huacha uso wa konea na mabonde ambayo miwani ya kawaida haiwezi kuyasawazisha.

Ukiwa njiani usilifunge jicho kwa kitambaa, usilisugue, wala usitie maziwa ya mama au maji ya majani. Na kabla hujaondoka, mwambie msimamizi aiandike ajali hii: uliumia kazini, na sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini inakuhusu. Muulize pia kuhusu miwani ya kukinga macho kwa wenzako waliobaki shambani.