Nani anayeuambia mwili kuwa damu imepungua?



Nilikuwa nafundisha darasa la vijana hapa Ifakara juu ya ishara za Allah (s.w.) zilizomo ndani ya nafsi zetu. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: “Ustadhi, mtu akipungukiwa na damu, nani anayeuambia mwili utengeneze nyingine?” Ni swali zito kwetu sisi wa bonde la Kilombero, ambako malaria imewamaliza damu watoto wengi.

Jibu ni hili. Seli za mwili hutengeneza wakati wote protini iitwayo HIF. Oksijeni ikitosha, protini hiyo hutiwa alama na kuvunjwa ndani ya dakika chache. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi, kwani kazi ya kuitia inahitaji oksijeni yenyewe. Hapo HIF hujikusanya na kuamsha vinasaba vinavyohusika. Ndipo figo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo husafiri hadi kwenye uboho wa mifupa na kuuamuru uzalishe chembe nyekundu zaidi.

Waliofumbua siri hii, William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. Wao wamegundua tu, aliyeuweka utaratibu huo ni Allah (s.w.).

Lakini hapa pana hatari. Vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu na pia huudhoofisha uboho. Figo zinaamuru, uboho hauitikii ipasavyo. Hata ukiitikia, kazi hiyo huchukua siku kadhaa na inahitaji madini ya chuma. Wakati huo moyo unakwenda mbio kufidia pengo. Kwa hiyo mtoto anayeishiwa damu pole pole huweza kuonekana anacheza, na mzazi akasema: “Huyu hajambo.” Kumbe mwili umevumilia hadi ukingoni.

Kinga ipo, na ushahidi wake umetoka hapa hapa. Utafiti uliofanyika Ifakara kwa watoto wachanga 832 na kuchapishwa mwaka 1997 ulionesha kuwa dawa ya kuzuia malaria ilipunguza upungufu mkubwa wa damu kwa takriban asilimia 57, na madini ya chuma kwa karibu asilimia 29. Mwaka 2001 ukachapishwa utafiti mwingine, wa wilaya za Kilombero na Ulanga, ulioonesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto kwa asilimia 27.

Baadhi yetu huchelewa hospitali tukidai tumemwachia Mungu. Hiyo siyo tawakkul. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah.

Basi, mzazi, leo jioni kagua viganja vya mwanao na ndani ya kope zake. Ukiona vimepauka, au anahema haraka, usingoje asubuhi. Mwili wake umeshapiga kengele. Aliyebaki kuitikia ni wewe.

Wabillahi tawfiq.