Nawezaje kujiunga na kikundi cha kutetea wadi yetu?

*Mimi ni mkulima wa majani chai huku Manyatta, Embu. Kuna kikundi kinachofuatilia bajeti ya kaunti. Natamani kujiunga, ila sikusoma sana, na naogopa kuitwa mwanasiasa. Nianzie wapi?*
*Mama Chai*

Mama Chai, mambo mawili yanakutia hofu: elimu na siasa. Kuulizia daraja au dawa za zahanati si kumpigia mtu kampeni. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inakupa haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha malalamiko. Na anayejua mvua ikinyesha gari la majani hukwama wapi ni wewe unayebeba kikapu, cheti au bila cheti.

Hudhuria mkutano mmoja, usikilize tu. Uliza kama kikundi kimesajiliwa, pesa zake hutoka wapi na nani husoma hesabu. Wakikwepa maswali hayo, jiepushe nao.

Ukijiunga, shika jambo moja. Piga picha, andika tarehe. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, basi toeni maoni yenu mapema, kwa maandishi, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Mkiomba habari kwa afisi ya umma, sheria ya 2016 inaipa siku 21 kujibu. Ikinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ukitishwa, usinyamaze: waambie wenzako na upige ripoti polisi.

Haba na haba hujaza kibaba.